Treni ya Baba Ilijivunja Yenyewe, Mimi Nikamvunja Mdogo Wangu

Jina langu sitalitaja, na majina ya watu humu nimeyabadilisha. Kosa lenyewe sijalibadilisha. Nilimpiga mdogo wangu wa tumbo moja mpaka nikamvunja mkono wa kulia, na siku hiyo hiyo nikamwangusha mama yangu mzazi asisimame tena. Nilifanya hivyo kwa ajili ya kitu ambacho hakuna mtu aliyekivunja.

Usinionee huruma. Sikuwa nimelewa. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, watu wananiona, na akili zangu nilikuwa nazo zote.

Niseme kwanza hicho kitu ni nini, maana nikisema tu treni utafikiri nakutania.

Baba yetu alifanya kazi karakana ya reli Tabora. Mkubwa wake, Mzungu, alipokuwa anarudi kwao baada ya uhuru, alimwachia treni ndogo ya kuunga mwenyewe, maboksi mawili. Kichwa cha treni kilikuja kimeshaungwa kiwandani, kizito, kinajaa kiganja, na mota ndogo ndani yake. Mabehewa yalikuwa ya plastiki, unayabandika vipande kwa gundi. Boksi la kwanza baba aliliunga mwenyewe jioni baada ya jioni. La pili hakuligusa, alilitunza na karatasi yake na tepe yake ya kiwandani.

Mara moja tu niliiona ikitembea. Ilikuwa Krismasi, huko huko Tabora. Baba alitandaza reli sakafuni, akaunganisha betri, treni ikaanza kuzunguka miguu ya meza. Mdogo wangu Mafuru alikuwa hajaanza hata shule, anapiga makofi kila ikitokea upande wa pili. Mimi nilikuwa na miaka kama kumi. Nafikiri siku ile ndiyo iliyonifanya niwe fundi wa umeme.

Baba alipostaafu tulirudi nyumbani Mugango, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa. Treni aliizungushia sponji na magazeti, akaiweka pamoja na lile boksi la pili kwenye sanduku la bati juu ya dari. Watu wakimwomba aitoe, alikuwaga anajibu, "Tutaifungua reli ikifika Musoma." Enzi hizo maneno ya reli kuja Musoma yalikuwa mengi. Reli haikuja.

Baba alifariki miaka ile ya foleni, sabuni hakuna, sukari kwa kibali, hata sanda tuliihangaikia siku nzima. Kabla hajakata roho alituita wote wawili. Alisema sanduku libaki kwa Mafuru, kwa sababu yeye ndiye anayebaki nyumbani na mama. Akasema tena, "Mtalifungua mkiwa wote. Asilifungue mmoja."

Tukaitikia.

Mimi nilikuwa nafanya kazi kiwandani Musoma. Baadaye wakapunguza watu, na mimi nikapunguzwa. Nikaweka meza ya kutengeneza redio pale mtaa wa Nyasho. Mwanzoni kazi ilikuwepo. Enzi za Ruksa zilipokuja, biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa redio mpya za bei rahisi, mtu ikimharibikia anatupa ananunua nyingine. Nikawa nakaa mezani tangu asubuhi nafukuza nzi.

Ndipo nikasikia kwamba chuo kimoja cha ufundi kule Bunda kinatafuta mwalimu wa umeme. Nikaenda kumwona mkuu wa chuo. Katika kujisifu kwangu nikamweleza habari za treni ya baba. Yule mzee akaipenda sana. Akaniambia, "Siku ya mahafali uilete. Uitembeze mbele ya wazazi, halafu nitakutambulisha kama mwalimu mpya."

Nilirudi Nyasho naona nimeshapata kazi. Nikawaambia majirani wote. Mke wangu akaanza kufunga vyombo.

Siku ya mahafali nilipewa pikapu ya chuo kwenda kuichukua. Tulifika Mugango mapema. Mafuru akaliteremsha sanduku, akalifuta vumbi kwa shati lake.

"Kaka, tulifungue kwanza," akasema. "Tuone kama kila kitu kipo. Na baba alisema tulifungue wote."

"Muda sina. Dereva ananisubiri, na wageni wanaanza kufika saa nane."

"Hata kidogo tu. Masika yaliyopita bati la nyumba lilivuja, nikalihamisha sanduku usiku peke yangu. Lilikuwa zito, nikalitua kwa kishindo kidogo. Nisingependa ukute kitu kimelegea mbele za watu."

Mtu mwenye hila hawezi kukwambia maneno hayo. Mimi niliyasikia kwa sikio moja, nikapandisha sanduku juu ya magunia ya dagaa aliyopakia dereva, tukaondoka. Tulipita njia ya Butiama, tukatokea Kiabakari, tukashika barabara ya Bunda. Mashimo yalikuwa hayahesabiki. Sanduku lilikuwa linaruka nyuma yetu njia nzima, mimi mbele napiga soga na dereva.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mbele waliweka meza yenye kitambaa cheupe. Mkuu wa chuo akanikaribisha kwa maneno mazuri, nikafungua sanduku.

Kwanza ilitoka harufu, kama ya siki. Sponji ilikuwa imegeuka uji wa kahawia, imeganda kwenye rangi ya kichwa cha treni. Nikaibandua kwa kidole, rangi ikatoka nayo. Nikakishika kile kichwa kwa mikono miwili nikakiinua.

Kilibaki mikononi mwangu vipande vitatu. Magurudumu yakadondoka mezani, na unga wa kijivu ukamwagika kwenye kitambaa cheupe kama biskuti iliyokanyagwa.

Nikashika mabehewa. Yalikuwa yamejikunja kama chapati iliyoachwa juani, pembe zimeachana pale gundi ilipokuwa. Nikashika waya, ganda lake likapukutika. Watu mia na kitu walikuwa wananitazama.

Mzazi mmoja mstari wa mbele akasema, "Mwalimu, treni yako imepata ajali kabla ya kuondoka stesheni."

Ukumbi mzima ukacheka. Wanafunzi walikuwa wanapigana vibao vya mgongo. Mkuu wa chuo akajaribu kunifunika kwa maneno, lakini na yeye niliona mdomo wake unacheza. Nikatoka kwa mlango wa pembeni. Sanduku nililiacha pale pale mezani.

Usiku ule nililala Bunda kwa mtu, ila macho sikuyafumba. Kichwani lilikuwa linazunguka neno moja tu, kishindo. Alisema mwenyewe alilitua kwa kishindo. Nikaanza kujitungia. Kwamba Mafuru ana wivu kwa sababu baba alinisomesha mimi. Kwamba alilifungua zamani, akaichezea, akaivunja, akaifunga. Kwamba alitaka nikaaibike. Mpaka kunapambazuka nilikuwa na kesi nzima, na hukumu nilishaitoa.

Nilidandia lori asubuhi. Nikamkuta Mafuru ufukweni anashona nyavu, kasia lipo ubavuni mwake. Mama alikuwa juu kidogo, anageuza dagaa juani.

"Treni uliifanya nini?" nikamuuliza.

Akainua uso, anatabasamu. Alifikiri nimekuja kumpa habari njema. "Treni gani kaka? Si uliondoka nayo jana?"

"Imekatika vipande vitatu. Uliivunja lini?"

"Mimi sijaigusa. Labda njiani, barabara ile..."

"Ulisema mwenyewe uliliangusha sanduku."

"Nililitua, kaka. Sikuliangusha."

Nikampiga ngumi ya mdomo. Damu ikaruka kwenye nyavu. Akakaa pale pale chini ananiangalia. Nataka uelewe kwamba Mafuru alikuwa na nguvu kunizidi mara mbili, mtu wa kuvuta nyavu tangu ujana. Angetaka angenikunja kama nguo. Hakunyanyua hata kidole.

Kule kutulia kwake kukaniwasha zaidi. Nikaokota kasia.

Pigo la kwanza lilimpata bega. La pili alikinga kichwa kwa mkono, likatua kwenye kiwiko. Nilisikia mfupa. Ni sauti ndogo, kama kuvunja kuni kavu, na mpaka leo nikisikia mtu anavunja kuni natoka nje. Msomaji, ningeishia hapo leo ningekuwa na kidogo cha kujitetea. Sikuishia. Nilimpiga tena pale pale kwenye kiwiko, mara mbili, naona kabisa kwamba kimeshageukia upande usio wake.

Mama alikuja anakimbia. Akanikumbatia kiunoni kwa nyuma, analia kwa Kijita, lugha yetu, ananiita jina langu la utotoni. Mimi nikageuka na kiwiko kwa nguvu zangu zote nikamsukuma. Akaangukia nyonga kwenye mawe wanapovutia mitumbwi.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, nimevunjika."

Wanaume waliokuwa kwenye mitumbwi wakanivamia. Walinipiga kwa makasia na kwa kamba za nyavu zilizolowa, nikapoteza meno mawili na sikio hili la kushoto halisikii vizuri tangu siku ile. Walinifunga mikono nyuma, mmoja akawa anasema wanitose ziwani. Aliyewazuia ni Mafuru. Alikuwa amesimama, mkono unaning'inia kama si wake, akawaambia, "Mwacheni. Ni kaka yangu."

Waliwapeleka wote wawili hospitali Musoma. Polisi walipokuja na fomu yao, Mafuru akasema aliteleza kwenye mtumbwi. Mama naye akasema alianguka juu ya mawe peke yake. Mimi sikulala hata siku moja ndani.

Sasa sikia ubaya wa moyo wangu. Habari hizo ziliponifikia Nyasho, badala ya kuona aibu, nikashangilia. Nikasema, mnaona? Angekuwa hana kosa angenishtaki. Nikawa nawaeleza wateja na wapita njia jinsi nilivyomnyoosha mdogo wangu aliyeharibu urithi wa baba.

Mke wangu alivumilia wiki kadhaa. Siku moja mchana akaniletea chakula mezani, akanisikia namweleza mtu. Yule mtu alipoondoka akaniuliza polepole, "Hivi Baba Bahati, mbona hakukupiga? Mtu aliyekuharibia kitu makusudi, ana nguvu kukuzidi, kwa nini akae tu?"

Nilikuwa nimeshika chuma cha kulehemu, cha moto. Nikamrushia. Kilimwunguza bega, alama yake ataenda nayo kaburini. Alifungasha siku ile ile akarudi kwao Butiama na mtoto wetu. Hakurudi tena.

Kazi ya Bunda alipewa mtu mwingine, bila shaka unajua.

Ilipita kama miezi mitatu. Siku moja akaja mtu mezani kwangu amebeba sanduku la baba kwenye baiskeli. Alikuwa Mwalimu Wambura, anayefundisha kumimina vyuma kule chuoni. Alikuwepo ukumbini siku ile, lakini sikumbuki kama alicheka.

"Nimekurudishia mali yako," akasema. "Samahani nilikaa nayo. Nilitaka kuielewa."

"Itupe," nikamwambia. "Mdogo wangu aliimaliza."

Akaniangalia. "Nani kakwambia?"

"Imevunjwa. Uliona mwenyewe."

Akalifungua sanduku juu ya meza yangu, akatoa vile vipande, akavipanga juani. "Fundi, kabla sijakwambia neno, angalia skrubu hizi."

Nikaangalia. Rangi ya kiwandani ilikuwa bado imefunika vichwa vya skrubu. Hakuna bisibisi iliyowahi kupita pale. Miaka yangu yote ya ufundi, mtu akiniletea redio kitu cha kwanza naangaliaga skrubu, nijue kama kuna mtu alishaichokonoa. Kwenye treni ya baba sikuangalia.

"Tafuta na alama ya kupigwa," akasema. "Kitu kikigongwa kinabonyea. Tafuta palipobonyea."

Hapakuwepo. Nyufa zilikuwa zinatoka ndani kuja nje, na pale penye nyufa pamevimba.

"Hiki si chuma," Wambura akaniambia. "Ni zinki ya kumimina. Kiwandani ikiingiwa na madini ya risasi kidogo tu inaoza yenyewe, ndani kwa ndani, miaka na miaka. Inavimba, inapasuka, mwisho inakuwa unga. Hata uifungie isiguswe na mtu. Mabehewa yamekunjwa na joto la bati la nyumba. Hii sponji nayo ikizeeka inayeyuka, inakula rangi. Na waya, waya si unazijua wewe mwenyewe?"

Nilikuwa nazijua. Nilikuwa najua zaidi ya hapo. Mara ngapi nimefungua redio kaseti nikakuta mkanda wa mpira umegeuka lami? Mara ngapi nimemwambia mama wa watu, usigombe na mtoto, huo ni uzee tu wa mpira? Nilikuwaga nawaambia hivyo huku nacheka. Hakuna mteja niliyewahi kumpiga kasia.

Bado nikabisha. Ndivyo nilivyo. Nikasema kile kishindo ndicho kilichoanzisha yote.

Wambura akaingiza mkono chini kabisa ya sanduku, akatoa lile boksi la pili, ambalo baba hakuligusa. Karatasi yake ilikuwa imekuwa ya njano, tepe ya kiwandani ipo nzima pande zote nne. Akanipa wembe. "Kata mwenyewe."

Nikakata. Gundi iliyokuwemo kwenye kichupa ilikuwa jiwe. Stika za kubandika kwa maji zilikuwa zimepasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Kichwa cha treni kilikuwa kimefungwa kwenye karatasi laini, hakuna mkono wa mtu uliokigusa tangu kiwandani. Nilipoifungua ile karatasi kilikuwa vipande vitatu. Kimekatika mahali pale pale, pamevimba vile vile, wala hapakuwa palipobonyea.

Nikasikia mkojo unanitoka. Sitanii, mtu mzima, mbele ya mgeni, pale Nyasho barabarani.

"Kidogo kilichokuwa bado kimeshikamana," Wambura akasema, na hakuwa na nia ya kuniumiza, "nafikiri mlikimalizia njiani, kwenye pikapu."

Siku ya pili nilikwenda Mugango. Nilitembea kutoka njia panda kwa miguu, nikipishana na watu walionijua, hakuna aliyenisalimia. Nilimkuta Mafuru amekaa mlangoni. Mkono ulikuwa umeunga vibaya, haukunjuki, vidole viwili havina hisia. Nyavu alikuwa ameshaziuza. Alikuwa anajifunza kuchambua dagaa kwa mkono wa kushoto.

Nikapiga magoti nikamweleza yote, skrubu, zinki, boksi la pili. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umekuja kwa sababu Wambura amekwambia," akasema.

"Nimekuja kukuomba msamaha, mdogo wangu."

"Mimi nilikwambia siku ile, kaka. Nilikwambia sijaigusa. Maneno ya Wambura umeyaamini kwa kuwa alikuwa na ushahidi. Mimi nilikuwa ndugu yako tu."

Nikamshika miguu.

Akaendelea, sauti ile ile ya chini, "Nimekusamehe. Polisi niliwadanganya kwa ajili ya mama, asione mtoto mmoja kilema na mwingine jela. Lakini usije hapa bila kuitwa. Watoto wangu wakikuona wanajificha."

Niliomba nimwone mama. Alikuwa kitandani, miguu imekuwa myembamba. Nikamsalimia. Akageuza uso akaniangalia, akasema kwa heshima yote, "Karibu, mgeni."

Aliishi miaka minne mingine, hajasimama. Mara tatu Mafuru aliniita nije kumwona, na mara zote tatu alinikaribisha hivyo hivyo. Alikuwa na akili zake, anawatambua wajukuu wote kwa majina. Mimi nilikuwa mgeni. Alipofariki Mafuru alituma mtu Nyasho, nikaenda, nikachimba kaburi pamoja na vijana tangu alfajiri, na hakuna aliyenizuia. Jioni wakati wa chakula mdogo wangu alishindwa kukata nyama kwa mkono mmoja. Nikamkatia. Aliila.

Nakuandikia wewe ambaye labda una kitu cha marehemu mzazi wako kimefungwa mahali. Usikifungie ukasahau. Kitoe, kipunge hewa, kitazame, na mkitazame mkiwa wote wenye haki nacho. Vitu vinazeeka hata gizani, hata vikiwa havijaguswa. Mpira unayeyuka, plastiki inajikunja, madini yanaoza, na hakuna adui wala mchawi.

Na ukikuta kimevunjika, kaa chini. Usiinuke. Kama mkono umeshashika kitu, kiachie kidondoke. Halafu muulize ndugu yako kilichotokea, na jibu atakalokupa, liamini siku hiyo hiyo, kabla hajaja mtu mwingine na ushahidi.